Uliyemvizia Baba Akirudi Nyumbani

Kwako uliyekuwa mchumba wangu,

Sikuulizi hali. Najua u mzima, kwa sababu Jumamosi iliyopita nilikuona ukilipuka mbele ya macho yangu, na mtu akilipuka kwenye mchezo haumii hata ukucha. Ndiyo maana naandika. Nataka uumie kidogo. Naiandika barua hii wazi, waisome wote tuliokuwa tukiruka nao, ila jina lako nimeliacha nje. Usidhani ni huruma. Sababu nitaisema mwishoni.

Unaikumbuka sebule yako ya Niboye? Kompyuta mbili juu ya meza ya kulia, feni umeielekeza kwenye mashine, sisi tunatoka jasho. Hapo ndipo uliponifundisha mchezo wetu wa anga, watu maelfu dunia nzima, kila mmoja na chombo chake, wanakatiza kati ya nyota. Miezi ya mwanzo nilikuwa mbeba mizigo, na kila nikikaribia kituo anatokea jambazi, ananivuta nje ya mwendo, ananipasua. Napiga meza. Wewe unacheka mpaka unashika mbavu.

Siku moja ukaacha kucheka, ukasogeza kiti karibu, ukaniambia kwa kile Kiswahili chako cha Kampala nilichokuwa nakitania kila siku, "Usimpe mgongo, sha. Mwendee." Ukanionyesha. Ukishavutwa nje ya mwendo usishindane naye. Tulia, geuza pua ya chombo imtazame yeye, kisha kanyaga mafuta upite chini ya tumbo lake. Chombo chake ni kizito, kugeuka kunamchukua muda, na huo muda ndio wa kuwasha mtambo na kuruka kwenda nyota nyingine. Nilijaribu jioni ileile. Nilitoka na chombo kinafuka moshi, lakini nilitoka, na nilikukumbatia mpaka hedifoni zikaanguka. Nilikupenda sana siku hiyo. Nasema hivyo ili asije mtu akadhani sikuwahi kukupenda.

Na ni wewe uliyemleta Baba kwenye mchezo, hilo siwezi kukunyang'anya. Baba alikuwa ameendesha malori ya mizigo kutoka Dar mpaka hapa kwa zaidi ya miaka ishirini. Sukari ikamla mguu, ukakatwa, akabaki amekaa barazani kwetu Kabuga anaangalia malori ya wenzake yakipita barabara ya Rwamagana. Wewe ukapanda pikipiki na kompyuta yako ya zamani umeipakata kama mtoto, ukaja ukamfungia, ukamwekea na ile fimbo ya kuongozea kwa sababu vidole vyake havikuzoea vitufe. Ulipomuuliza atumie jina gani la rubani, alijibu bila kufikiri: Verediana. Jina la Mama. Mama alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na katika maisha yake yote hakuwahi kupanda lori la mume wake hata mara moja, kwa sababu kampuni ilikataza abiria. Baba akasema sasa atapanda. Ulitoka nje ukajifanya unapokea simu, nikakukuta unafuta macho.

Baba hakutaka mizigo wala vita. Alitaka kufika ambako hakuna aliyefika. Wewe ndiye uliyemweleza sheria yake, nikiwa nimekaa pembeni nachambua mchele. Anayefika kwenye nyota wa kwanza na kurudisha ramani yake, jina lake linaandikwa pale, na kila atakayepita baadaye atalisoma. Lakini mpaka utue kituoni uikabidhi ramani, huna kitu. Ukilipuliwa njiani, safari yote imepotea. Baba aliitikia kwa kichwa, akasema ni kama mzigo tu, haujawa wako mpaka ushushwe.

Kisha mimi na wewe tukaachana. Nilikuacha mimi, nalikubali mbele za watu. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kabla ya gusaba, siku ya kuja kuniposa rasmi, wajomba wameshachaguliwa, kadi zimeshatoka. Niliona jinsi mjomba wangu alivyokufunga kwenye igisoro, mchezo wa wazee tu, na wewe ukapangusa kete zote zikamwagika sakafuni, ukaondoka bila kuaga. Baba alisema ni ujana. Mimi nikajiuliza siku nitakapokuwa sahihi mimi na wewe umekosea, nyumbani kwetu kitamwagika nini. Nilikuaibisha, najua. Ungekuja ofisini kwetu Muhima ukanitukana mbele ya wateja, ningenyamaza nikusikilize. Ulikuwa na haki hiyo.

Hukuja. Ukampigia Baba.

Yeye hakukukata. "Mambo yenu ni yenu," aliniambia. "Yule ni mwanangu." Kila wiki mlikuwa mnaongea, anakusimulia nyota zake, nami nafurahi kimoyomoyo kwamba angalau hilo sikuliharibu. Alisafiri miezi minane kwenda na kurudi. Katikati ya safari daktari akatuambia sukari imeanza kula macho, na kinachopotea hakirudi. Baba alivuta kiti karibu na kioo cha kompyuta, wiki baada ya wiki akakisogeza tena, mwishoni pua inakaribia kugusa. Alitaka kitu kimoja tu, alisome jina la Mama juu ya nyota kwa macho yake mwenyewe kabla hayajafunga. Alikuambia hilo. Alikuambia na siku atakayoingia, na lango atakalopitia, kwa sababu ulimuuliza.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Angeweza kuingia kituoni tangu asubuhi, lakini mimi nilikuwa umuganda, kazi ya mtaa, na majirani, naye hakutaka kutua bila mimi. Nikarudi na jembe begani na matope kwenye buti. Akanituma ninawe mikono kwanza, kama tunakwenda kula. Saa tano na nusu akawasha. Mlangoni mwa kituo akatokea rubani anayejiita Vex, yule muuaji aliyekuwa anasumbua njia ile kwa miezi kadhaa, hasemi neno na mtu. Akamvuta Baba nje ya mwendo. Nikapiga kelele mwendee, Baba, pita chini. Aligeuza pua ya chombo kushoto, akaigeuza kulia. Alikuwa anamtafuta Vex kwenye kioo na hamuoni.

Haikuchukua dakika moja. Baba alivua hedifoni, akakunja waya wake taratibu, akauliza kama chai ipo. Nilikwenda jikoni nikafungulia bomba ili asisikie ninavyolia.

Kesho yake ukampigia kumpa pole. Mliongea muda mrefu, akakata simu anatabasamu, akaniambia kijana ana moyo yule. Nami, mjinga mimi, karibu nikupigie nikuombe msamaha kwa yote.

Hasira ilinifanya nikae na ule ukurasa ambao marubani huandika wamemuona nani, wapi, saa ngapi. Nikachambua habari za Vex miezi minne nyuma, nikageuza saa zote ziwe za kwetu. Kila Jumamosi yupo tangu asubuhi, anavizia watu. Ila Jumamosi moja kila mwezi hayupo. Anatokea baada ya saa tano, na Jumamosi hiyo siku zote ni ya mwisho. Wazungu wangesema bahati tu. Lakini mimi najua nchi ambayo Jumamosi ya mwisho asubuhi maduka yamefungwa, mabasi hayatembei, na kila mtu mwenye nguvu yuko nje ameshika jembe mpaka saa tano. Na katika nchi hiyo nzima, aliyejua Baba anaingia lini na kwa lango gani ni mimi, na ni wewe.

Ungekuwa mbele yangu ningekurushia kompyuta.

Sikumwambia. Baba alianza safari upya, njia sasa anaijua, akaimaliza kwa miezi mitano. Kila siku niliogopa mawili: atangulie rubani mwingine kwenye nyota zile, au macho yatangulie. Nilimwomba asimweleze mtu yeyote tarehe, hata wewe, nikamdanganya kwamba majambazi wanasikiliza simu. Na nikamwambia safari hii asinisubiri. Aingie Jumamosi ya mwisho, saa tatu asubuhi, mimi nikiwa kazini na majirani. Alinung'unika kwamba anataka nione. Nikamwambia nitaona baadaye, nyota haziendi popote.

Saa tatu na robo nilikuwa ndani ya mtaro, Kabuga, natoa tope kwa koleo. Simu ikaita. "Nimefika," akasema. "Nimeshusha mzigo wote. Nimelisoma." Nilipiga magoti ndani ya mtaro ule, majirani wakaacha kazi wakadhani nimefiwa. Na wewe saa ileile ulikuwa Niboye unafyeka nyasi kando ya barabara na wenzako, mpole, raia mwema. Nilikuona akilini na panga lako mkononi, na nilicheka peke yangu kama kichaa.

Mtu mwenye moyo mzuri angeishia hapo. Mimi siyo huyo. Nilirudi nyumbani nikamwomba Baba kiti chake, nikatoka kituoni na chombo chake kilekile, kwa jina lilelile la Verediana, tumboni hakuna ramani hata moja. Nikazunguka mbali, nikawa narudi polepole kama mzee asiyeona vizuri. Saa tano na nusu ukaja. Ulinivuta nje ya mwendo kwa uroho, hukungoja hata sekunde.

Nikakuendea. Nilipita chini ya tumbo lako karibu kiasi cha kusoma namba ya chombo, nawe ukabaki unageuka. Na hapo Vex, ambaye hajawahi kumwandikia mtu neno, akaandika kwa Kiswahili, "Ni wewe?"

Nikakujibu, "Pole sana."

Ningeweza kuruka kwenda nyota nyingine, kama ulivyonifundisha. Sikuruka. Nilikimbilia kituo, nikiacha unipige kidogo, unipige tena, ili uone umebakiza kidogo tu. Unajua kama ninavyojua kwamba anayefyatua risasi ndani ya mzingo wa kituo, mizinga ya kituo haimuulizi jina. Mwingine angegeuza. Lakini wewe huwezi kufungwa na mtu ukaondoka kwa adabu. Uliingia ukiwa unapiga. Mizinga ikakufungukia yote kwa pamoja, na nilikaa pale nikatazama vipande vyako mpaka cha mwisho kikazimika, na ilikuwa tamu. Nasema kweli, ilikuwa tamu mno.

Baba, aliyekaa nyuma yangu, alisikia mlio akauliza ni nani huyo. Nikamwambia ni yule jambazi. Alicheka mpaka akakohoa, akapiga mkono kwenye goti lake moja. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie jina lako.

Akanitangulia. Akasema mchezo umemruhusu aipe jina sayari moja kati ya zote alizozifikisha, na kwa kuwa Mama ameshaandikwa kote kama mgunduzi, hii anataka kumpa mtu mwingine. Herufi za vitufe hazioni tena, nimwandikie mimi. Nikaweka vidole tayari. Akataja jina lako. Lote, na lile la ubatizo. "Bila yule kijana nisingetoka tena nje ya geti hili," akasema.

Aliniuliza kama nimelala. Nikaandika, herufi moja moja, nikabonyeza, likakubaliwa. Sasa halifutiki. Ndiyo sababu sikuliandika hapa. Wasomaji wa barua hii watataka kukutukana, nami nitakuwa wa kwanza, lakini sitaki watukane jina ambalo Baba ameliandika angani kwa upendo. Nenda ukaisome sayari yako. Ni ya buluu, ina pete. Chini ya jina lako pameandikwa imegunduliwa na Verediana.

Baba anauliza kwa nini hupokei simu zake tangu Jumamosi. Amenituma nikualike Jumapili baada ya misa, uje ule naye. Utakaa kiti cha pembeni yake. Atakusimulia yote tangu mwanzo, na atakapofika pale jambazi alipompasua mlangoni, atakushika mkono, kwa sababu siku hizi akisimulia hushika mkono wa mtu. Kisha atakushukuru. Uso wako hatauona, kwa hiyo usihangaike kuupanga. Mimi nitakuwa nimekaa mbele yako, na macho yangu ni mazima.

Chakula ni saa saba. Usipokuja, nitamsomea barua hii.

Ni mimi,
uliyemfundisha kutompa adui mgongo