Vipande vya Upande Mmoja

Jumamosi, 21 Septemba

Dumyat nzima, mji huu wa maseremala, hakuna mwanamume mwenye bahati kama mimi! Binti yangu Nuha anaolewa mwezi ujao na Sharif, mtoto wa Wahdan mwenye karakana ya plaiwudi. Na huyo Wahdan ananipenda kuliko ndugu yake wa tumbo moja. Leo kaja mwenyewe maabara ninapopima mbao, na vipande vya plaiwudi yake, tayari vimekatwa. Ni vya vitanda vya bweni la wanafunzi — oda kubwa, na bila cheti chetu haipati. Eti amenipunguzia vumbi la msumeno. Mkwe gani mwingine anafanya hivyo? Nimeviweka chumba cha unyevu uliopimwa, uzito utulie kwanza.

Jumapili, 29 Septemba

Uzito umetulia, nimepima. Kipande kinalala juu ya vyuma viwili, mashine inakandamiza katikati, unasoma kimepinda kiasi gani, kisha unaachia kirudi. Vyote vimekaza kama shingo ya mama mkwe wangu. Kipimo cha ukazo: elfu tisa na zaidi! Nikaanza kuimba.

Mhandisi Thuraya kapita, kavigeuza mkononi. Vyote vimekatwa kwa urefu, kufuata nyuzi za mbao.

"Vya upana viko wapi?"

"Vinakuja, bibie."

"Vinatoka Uchina?"

Nikajifanya nafuta vumbi kwenye mashine. Mimi!

Jumatatu, 30 Septemba

Nimekwenda karakana kuomba bao zima, nikate vya upana mwenyewe. Wahdan kanipa chai, kacheka: mimi ni mkwe au mkaguzi? Nikamwambia kitandani bao linashikiliwa ubavuni tu, mtu akilala linapinda kwa upana. Kacheka kidogo zaidi, kisha basi. Sharif ndiye aliyenibebea bao hadi garini. Hakunitazama usoni.

Jumatatu, 7 Oktoba

Vya upana: elfu mbili. Vinatakiwa elfu tatu na nusu. Nimerudia. Elfu mbili. Viwili nilipoviachia havikunyooka tena.

Nikakaa kungoja nisikie kitu — hasira, aibu, chochote. Hakuna. Nimekula mkate na jibini, sikujua kama lina chumvi. Nikatia saini: haikufaulu. Thuraya kaniuliza kama naumwa.

Jumatano, 9 Oktoba

Kesho ndiyo siku ya malori. Wahdan alete fanicha ya maharusi kwa honi na ngoma, mtaa mzima utoke madirishani. Mke wangu kashapika. Jioni Wahdan kapiga simu.

"Umeniua, Baba Nuha. Oda imekwenda."

"Nimepima tu, mkwe mwenzangu."

"Mkwe mwenzangu! Unadhani nilivuka mitaa yote ile kuja kuposa kwako kwa sababu ya nini? Masharubu yako?"

Siku nyingine ningemjibu. Masharubu yangu ni mazuri, kila mtu anajua. Nikauliza malori je? Akakata. Nimempigia Sharif — simu imezimwa.

Nuha yuko chumbani anakunja mapazia yake mapya. Anauliza kwa sauti: "Baba, malori yanakuja asubuhi au mchana? Nijue nivae saa ngapi!" Mama yake kasimama mlangoni na mwiko, ananiangalia. Naandika ili nisiinue uso.

Ile bahati ni uongo. Wahdan hakunipenda hata siku moja. Alikuja kuposa mashine.