Meno ya Mheshimiwa

Wewe, uko wapi? Leo nimeaibika, sijui hata nianzie wapi.

Nimempeleka Mheshimiwa kwa daktari wa mifugo. Paka wa bibi, yule yule. Wiki nzima ananusa chakula halafu ananitazama kama vile nimempakulia mawe.

Daktari akamfunua mdomo. Meno matatu yameoza! Inabidi yang'olewe kwa dawa ya usingizi, na kwa umri wake anaweza asiamke. Yakiachwa, maumivu hayatamruhusu kula.

Akaniuliza, "Nyumbani unashauriana na nani?"

Nikamgeukia paka. Naapa! Nikamgeukia paka, nikangoja jibu!

Daktari akacheka. Nikacheka na mimi, mara kicheko kikageuka kilio, makamasi hayo! Mama mmoja aliyepakata kuku akaniambia, "Pole mwanangu, kwani unaye huyo tu?"

Ninaye huyo tu. Tangu tumzike bibi, ndiye pekee anayeningoja mlangoni.

Hata kuku alinyamaza, kwa heshima.

Nimesaini. Anang'olewa kesho saa tatu asubuhi. Siwezi kumtazama akifa njaa mbele ya sahani iliyojaa.

Sasa fomu ikataka mtu wa pili wa kupigiwa simu, endapo mimi sitapatikana. Nikakaa na kalamu mpaka daktari akakohoa.

Nimeandika namba yako. Najua Mheshimiwa alikukwaruza, na tangu uhame tunatumiana vichekesho tu. Lakini kesho ukiona namba ngeni, pokea.