Jiwe la Watindiri Nimelitua

Dada yangu Mwanaidi,

Nakuandikia pacha wangu wakiwa wamelala, wote wawili kwa wakati mmoja, jambo ambalo hapa kwangu ni kama Idi mbili kuangukia siku moja. Ulipo barua hazifiki, najua. Lakini ni wewe uliyenifundisha kuzungumza na watu wasiokuwapo.

Unawakumbuka Watindiri wako? Tulikuwa hapa hapa Majengo, wewe una miaka kumi na mmoja, mimi saba, tunasugua masufuria kwa majivu penye mfereji. Ukaniambia kuna nyota iitwayo Tindiri, na watu wake hawana jua wala moto. Kila nyumba ina jiwe moja tu lenye joto. Mtoto wa kwanza hulifunga kifuani kwa leso, na halitui maisha yake yote. Akilitua, heshima ya nyumba imekwisha. Watu wake wakipita njiani hakuna anayewasalimu.

"Mpaka lini?" nikakuuliza.

"Mpaka wasahau majina yao."

Jiwe letu lilikuwa lile la Mama la kusugulia visigino. Ulilipasha pembeni ya jiko, ukalifunga kifuani, ukatembea nalo uani umenyooka kama bibi harusi. Mama Saumu, jirani yetu wa mlango wa pili, akasema, "Haya, mawe mnabeba, maji hamjateka." Ukamjibu kwa adabu kwamba mkono mmoja bado uko wazi.

Siku moja ulinipa nikushikie ukaenda kuoga. Nikasikia harufu ya mahamri ya Mama Saumu, nikalitua jiwe kizingitini, mbio. Uliporudi lilikuwa baridi. Hukunipiga. Hukusema nami kutwa nzima, mpaka nilipokuja kulia mgongoni pako. "Nyamaza," ukasema. "Nimewaambia Watindiri ni mimi niliyelitua."

Halafu Mama akaugua miguu, asiweze kusimama. Shangazi, dada yake Baba, akaja na kikapu chake, akakaa. "Mtoto wa kwanza ni mama wa pili. Mwanaidi ametosha." Ulikuwa darasa la sita. Hukubisha hata neno. Kesho yake nilikuta sare yako imekunjwa miguuni pa kitanda changu, niikulie. Nilifika kidato cha pili, Dada, nikitembea kwenye njia iliyokuwa yako, na sikuwahi kukushukuru. Nilidhani ndivyo dunia ilivyoumbwa.

Zuhura wako sasa ana miaka kumi na mmoja. Ulituachia akiwa na minne, na tangu hapo ni wangu. Ana mwanya wako, na siku za maziwa ya shule hurudi na nusu ya pakiti yake kwa ajili ya pacha. Ubishi tu ndio sijui kautoa wapi.

Sasa ukweli wenyewe. Nimechoka. Mume wangu yuko kiwandani mtaa wa Baba Dogo kutwa, mimi nina Hassan mgongoni, Hussein mkononi, na nguo za watu kwenye karai. Mwezi uliopita Shangazi alikuja, akanitazama macho yalivyonivimba, akasema, "Zuhura ametosha. Mama yake alianza hivyo hivyo."

Nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu nilitamani, Mungu anisamehe. Niliona mikono miwili ya ziada humu ndani. Na Zuhura alikuwa mlangoni anaosha vikombe.

Asubuhi nilikuta sare yake imekunjwa, miguuni pa kitanda changu.

Niliipakata kwanza. Kisha nikamwita, nikamvalisha mwenyewe kama mtoto wa chekechea, na njiani nikamweleza habari za Watindiri na jiwe lao. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani alitunga hiyo sheria?"

"Mama yako."

"Akiwa na miaka mingapi?"

"Kama wewe."

"Basi alikuwa mtoto tu. Alisahau kuweka zamu."

Nilimfikisha shuleni, nikapitiliza kwa Shangazi.

"Shikamoo, Shangazi. Zuhura yuko darasani, na atabaki huko."

"Marahaba. Mwanangu, heshima ya nyumba..."

"Naijua. Ndiyo nimekuja nayo." Nikamfungua Hassan mgongoni, nikamweka mapajani pake. "Zamu yako mpaka adhuhuri."

Alinitazama kama niliyemletea chui. "Mzito kama jiwe huyu," akanung'unika, lakini mkono ulikwishaanza kumpigapiga mgongoni. Tangu siku hiyo humpokea kila asubuhi, na jana amenigombeza kwamba nimemchelewesha.

Sikulaumu, Dada. Ulibeba vizuri, na joto lile ndilo ninalowapa hawa. Ila siku ile mfereji ukitiririka ningekuuliza swali moja zaidi: mbona hukuweka wa kukupokea?

Jiwe la Mama ninalo bado. Leo asubuhi nimelitua kizingitini, makusudi, nikasimama pale na Zuhura tukingoja aibu ije. Akapita Mama Saumu na mkongojo wake.

"Hamjambo humo ndani?"

"Hatujambo," tukaitikia.

Pumzisha mikono, Dada.

Mdogo wako,
tuliyepokezana ziwa la Mama