Kamba Haikukatika

Mama Klara,

Nakuandikia kwa penseli kwa sababu mkono hauwezi tena kalamu ya wino. Miguu imevimba, viatu vyangu vya kanisani nimempa mkwe wako. Daktari anasema moyo umechoka. Sisikitiki sana. Nimekula wali mpya wa mwaka huu, nimemwona Gaspari akisimama, na nafasi iliyo pembeni yako makaburini bado haijachukuliwa.

Gaspari humjui. Ni mtoto wa mwisho wa Klara wetu, alizaliwa miezi mitano baada ya kukuzika. Ameanza kutembea wiki tatu zilizopita, na kama wote wa ukoo wako hakuanza polepole. Aliachia kiti changu, akatazama mlango, akaenda. Mlango unatazama barabara, unajua. Na barabara si ile uliyoiacha. Wameipanua, wamemwaga kifusi, na malori ya mpunga yanayowahi kivuko yanatupa vumbi mpaka ndani ya chungu. Kivuko kinabeba lori moja kwa safari, basi kila dereva anataka kuwa wa kwanza kufika mtoni.

Nilipomwona yule mtoto anaelekea mlangoni, nilijua siwezi kufa na neno hili tumboni. Linahusu siku ile Agatha, dada yake Gaspari, alipofika barabarani. Sasa yuko darasa la pili, anasoma vizuri kuliko mama yake.

Wakati ule kila mtoto wa mtaa wetu aliyeanza hatua aliletwa kwako. Ulikuwa na mkebe wa njuga ndogo, na kamba za ukindu zilizolowekwa tangu jana yake. Ulifunga njuga tatu kila mguu, mafundo mawili, ukakata ncha kwa meno. Hukupokea malipo. Kila mama ulimwambia maneno yale yale: "Zikilia, endelea kupika. Zikinyamaza, acha chungu, utoke nje."

Mimi, mwalimu wa misheni niliyestaafu, sikuzipenda. Miaka yangu yote darasani niliwaambia wanafunzi kwamba njuga ni za ngoma za kipagani. Ulinijibu mara moja tu: "Mwalimu, lori halijabatizwa."

Siku ile padri mgeni alikuwa anakuja kwetu kunywa chai. Wewe ulikwenda kisimani, Klara alikuwa shambani akivuna, Agatha niliachiwa mimi. Alikuwa anazunguka meza, njuga zinalia. Nikaona aibu. Nilitazama kitambaa cheupe ulichotandika, nikatazama picha ya Bikira Maria ukutani, halafu nikatazama miguu ya mjukuu wangu. Nikachukua kisu cha kuchongea penseli, nikakata kamba zote mbili. Njuga nikazitia mfukoni mwa koti.

Kamba haikukatika, Mama Klara. Niliikata mimi.

Padri alifika, tukaanza kuzungumza habari za nyimbo za Kilatini nilizokuwa nikifundisha. Niliongea sana. Mtoto alikuwa chini ya meza, halafu hakuwapo, na sijui aliondoka lini. Hapakuwa na sauti ya kuniambia anakwenda wapi. Kilichonishtua ni breki za lori barabarani.

Dereva, mtu mrefu mwenye vumbi mpaka kwenye kope, alishuka, akaja amemkumbatia Agatha. Mtoto alikuwa anacheka, anaivuta kofia ya dereva. "Mzee," akaniambia mbele ya padri, "miwani yote hiyo ni ya kuangalia nini?"

Ukaja mbio, ndoo umeitupa njiani. Ulimpapasa mtoto kutoka utosini kushuka chini, na ulipofika miguuni ukauliza, "Njuga ziko wapi?"

Nikasema, "Kamba imekatika."

Alasiri ile sikukaa tena kitini. Nilisimama wima kama askari wa gwaride, maana ningeinama tu, mfuko ungelia. Nawe ukanihurumia. "Kaa basi, Mwalimu, mshtuko umekwisha."

Ulivitazama vidole vyako. "Kumbe mikono yangu imezeeka," ulisema. Kesho yake alikuja mama mmoja na watoto wake pacha, ukawarudisha. Wakaja wengine, ukawarudisha. Jirani yetu Mechtilda, yule wa ng'ambo ya barabara, akapata la kusema: "Bibi wa kamba mbovu." Nilimsikia zaidi ya mara moja, nikakunja gazeti nikaingia ndani. Mkebe ukaupandisha darini juu ya jiko. Msimu mzima ukakaa na mkeka wako kati ya mlango na barabara, unapeta mchele, mguu mmoja umeunyoosha kumzuia Agatha asipite. Watu walidhani ni ukali wa bibi.

Nilikwenda kuungama. Padri wa parokia alinipa kitubio kifupi kuliko vyote nilivyowahi kupewa: "Kamwambie mkeo." Nikasema nitakwambia baada ya mavuno. Baada ya Pasaka. Miaka ikapita, ukaugua, nikasema ukipona. Siku kumi na moja nilikulisha uji kwa kijiko, mdomo wangu ukiwa karibu na sikio lako, na sikusema.

Sasa nimesema, ingawa si kwako kwanza. Gaspari alipoanza kutembea, Klara alimfunga kwa kanga kwenye mguu wa meza. Mtoto akalia mpaka akakauka sauti. Nikamuuliza kwa nini asimvalishe njuga. Akanijibu bila ubaya wowote, "Baba, mama mwenyewe aliacha kuziamini." Hapo nikamwambia yote, Agatha naye anasikiliza.

Klara aliinuka. Alitoka. Siku mbili chakula changu kililetwa na Agatha, tena kimepoa. Siku ya tatu Klara akaja mwenyewe, akakaa. "Mimi umeniambia," alisema. "Na Mechtilda je?"

Nikaenda. Nilipumzika mara nne, Agatha amenishika mkono, na tulipofika ukingoni mwa barabara akanivuta nyuma: "Babu, ngoja, lori hilo." Nikangoja kama mtoto. Kwa Mechtilda wanawake walikuwa wanatwanga. Nilivua kofia, nikawaambia kwamba kamba ya mke wangu niliikata kwa kisu, nikamwachia lawama mpaka kaburini.

Mechtilda aliacha mchi. "Mwalimu! Umengoja miguu iishe ndipo uulete ukweli kwa miguu?"

Wakacheka, nami nikacheka mpaka nikakohoa. Halafu yeye hakucheka tena. "Nilimwita vibaya kwa mdomo huu huu," alisema. Jumamosi alikwenda makaburini na jembe, akapalilia kwako. Hakuomba mtu amsaidie.

Klara ameushusha mkebe. Fundo lako analijua, ulimfundisha akiwa msichana. Alimfunga Gaspari, na tangu hapo wameletwa wengine wanne, na kila mama anaambiwa yale maneno yako ya chungu. Mumewe amezungushia ua wa matete mbele ya nyumba, ila Gaspari ameshagundua pa kupenya. Asubuhi nalala kitandani nawasikia watoto wenye njuga wakizunguka uani, na nyumba ikinyamaza tu naita, "Klara!" Hiyo ndiyo kazi iliyonibakia. Naifanya nimelala, na nadhani sijawahi kuifanya kazi yoyote vizuri hivi. Nina furaha, mke wangu. Nilidhani nitaona aibu mpaka mwisho, kumbe nina furaha.

Lakini kitubio kilisema nikwambie wewe. Nimemwomba Klara aiweke karatasi hii ndani ya jeneza langu, kifuani, ingawa najua karatasi huoza. Pumzika kwa amani, mama wa watoto wangu. Nakuahidi kwamba nikikuona nitalisema neno hili kwa mdomo wangu mwenyewe, kabla hujaniuliza habari za nyumbani. Ukinuna, nitangoja. Huko nadhani muda upo.

Mumeo,
Mwalimu