Sura Katika Lipu Mbichi

Al-Safa, Jidda

Mdogo wangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Vipi goti lako, na wajukuu hapo Unguja hawajambo? Mimi naisha. Pumzi iliyobaki ni ya maneno machache, nayo nakupa wewe.

Wewe pekee uliyebaki unajua nilichosomea Ugiriki. Mwanangu Nassor nilimwambia nilisomea ujenzi wa skuli, kwa kuogopa maneno ya watu. Kumbe nilikuwa nikisafisha michoro ya kanisa la kale, la zama za Bizanti: dogo, la matofali, kuba lake limekaa juu ya nguzo nne, na ndani ya kuba sura ya Nabii Isa inakutazama popote usimamapo. Juu ya mlango wa kutokea wamechora mizani ya Siku ya Hukumu na mto wa moto. Sikubadili dini, Zuhura. Nilipenda zile kuta.

Juzi fundi alipiga lipu ya chokaa chumbani kwangu, akaondoka ikiwa mbichi. Rangi ikitiwa hapo huzama, ikakauka pamoja na ukuta. Nikasaga kigae cha chungu cha maua na makaa ya kufukizia udi, nikaichora ile sura nikiwa kwenye kiti changu cha magurudumu. Akaingia Mwende, binti wa Kikenya aliyeajiriwa na mke wa Nassor kunihudumia.

"Babu! Sura ya mtu? Madam akiiona, mimi nimekwisha."

Asubuhi akaisugua kwa sabuni ili anistiri. Ikazidi kung'aa. Nassor akamkuta hapo hapo, msalaba wake umechomoza shingoni.

Nilimwambia nimechora mimi. Akanitazama kwa huruma.

"Amekuroga huyu, baba. Wewe na makanisa wapi na wapi?"

Kila nikikiri, namzidishia Mwende makosa. Ikama yake, kibali cha kuishi huku, imechukuliwa, naye amefungiwa stoo, namsikia akikohoa. Kesho anapelekwa polisi kwa uchawi, na huku neno hilo halina mchezo.

Nassor anakusikiliza wewe, shangazi yake. Mwambie nilisomea nini Ugiriki, na kwamba mkoba wangu wa brashi ulinishonea wewe. Akitaka kuniita kafiri, na aniite. Dereva anasubiri kuzipiga picha kurasa hizi azitume kwenye simu yako.

Nisalimie shemeji, mumeo, na mkweo anayekupikia. Mtanisomea Yasini nikifa, lakini kwanza piga simu.

Kaka yako,
Seif