Shemeji Amenunua Timu

Mtaa wa Walnut, Nyumba Na. 418,
Plum Fork, Nebraska.
Jumanne, 14 Juni 2016

Mpendwa binamu Marlys,

Kabla ya mengine yote, na kwa taadhima inayostahili, napenda kuutangazia ukoo mzima wa Vavra, waliobaki Nebraska na waliotorokea Alaska, kwamba wiki iliyopita mkanda wangu wa suruali ulifika tundu la mwisho. Hafla ilikuwa fupi. Mke wangu Arlene alishuhudia, hakutoa hotuba, akaniongezea kiazi.

Baada ya taarifa hiyo nzito, hujambo? Goti linaendeleaje? Baridi ya huko imekuachia vidole vya kushikia barua hii? Sisi huku tu wazima. Kifua kilichomsumbua Arlene tangu Pasaka kimepona, na sauti yake imerudi yote, hata ile sehemu ambayo mimi nisingeidai. Mimi nami mzima, ila usingizi umenihama, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mahindi yamesimama vizuri mwaka huu. Mvua ya mawe ilipita kwa jirani, ikamvunjia vioo vya banda, ikaturuka sisi. Arlene kamshukuru Mungu. Mimi nilishukuru kwa sauti ya chini, maana jirani alikuwa uani.

Sasa lile jambo. Najua Shangazi Wilma ameshakupigia simu. Ndiyo, ni kweli, Duane amenunua timu. Duane yule yule, kaka yake Arlene, shemeji yangu mwenye sehemu tatu za kuoshea magari, aliyekaa kati yetu siku ya fainali akauliza kwa nini mpira una ncha mbili. Leo ndiye mmiliki wa Nyegere wa Plum Fork, timu yetu ya mpira wa Kimarekani unaochezwa ukumbini.

Wewe unanijua, Marlys. Tulikaa pamoja safu ya tatu, nyuma ya ukuta wa sponji unaozunguka uwanja, tangu timu inaanzishwa. Wamiliki wote tuliwaona wakija na tukawaona wakienda. Daktari wa meno aliyeondoka na kofia za wachezaji. Wale ndugu wawili wa Texas walioacha kuilipa moteli ya wachezaji, ikabidi mji ugawane wachezaji kama watoto wa paka. Sisi tukapata beki mwenye mwili wa trekta, akavunja kitanda cha chumba cha cherehani, ila sala ya chakula aliisoma vizuri kuliko mchungaji. Halafu yule aliyekuwa mmiliki, kocha na mpigaji wa mipira kwa wakati mmoja, ambaye mwezi wa Mei alijifukuza kazi mwenyewe. Kila mmoja wao alisimama katikati ya uwanja, akaweka mkono kifuani, akasema yupo hapa kukaa. Na kila mmoja nilimtandikia zulia.

Maana ukumbi ule, kama ujuavyo, asubuhi una ng'ombe wa maonyesho na wakati wa baridi una barafu. Uwanja hauzaliwi wenyewe. Ni sisi watu wa zulia tunaokunjua yale majani bandia, kipande kwa kipande, tunayaunganisha, na mechi ikiisha tunayakunja tena huku migongo ikilia. Nyuma ya kila mmiliki aliyekimbia, zulia lilibaki, na mimi juu yake kwa magoti.

Basi nilidhani, timu ikikosa mwenyewe tena, mtu atanigeukia. Si kwa fedha, fedha sina. Ila mtu angesema tu, tumuulize Norb. Hakuuliza mtu. Duane alitia sahihi Jumatatu, Jumanne mama mkwe akaoka keki yenye umbo la mpira. Picha ya Duane akishikana mikono na kocha iko kwenye friji yao sasa, imeshikwa na ile sumaku iliyokuwa imeshika yangu. Yangu imelala juu ya friji pamoja na bili za maji.

Kinyozi wangu wa miaka yote ananifunga kitambaa shingoni, ananiuliza, "Norb, shemeji yako anasemaje kuhusu mrushaji mpya wa mpira?" Duane hawezi kumtofautisha mrushaji na muuza bisi. Nikamwambia sijui. Akanyoa kama mtu aliyesikitishwa.

Sitajificha kwako, binamu. Ni kijicho. Kimenikaa hapa kooni kama donge la ugali ambalo halishuki wala halitoki. Nikilala linalala nami. Nikimwona Duane anaegesha gari mahali palipoandikwa MMILIKI, linapanda.

Na mtu mwenyewe hana hata ubaya wa kunisaidia nimchukie. Alikuja Jumapili moja na boksi la runza za moto, mikate ya nyama na kabichi kama alivyooka mama yako, akakaa jikoni kwetu.

"Shemeji, nataka uwe Mkurugenzi wa Uwanja."

"Uwanja upi, Duane? Lile ni zulia."

"Basi Mkurugenzi wa Zulia. Nimeshachonga na beji."

Nikamwambia mimi si mtu wa vyeo. Arlene alisubiri mpaka kaka yake ameondoka, ndipo akasema, "Umekunja uso kama zulia lililolowa, bwana. Ivae tu." Naivaa. Shati limetoboka mahali pale.

Ila kuna jambo halikuwa mchezo. Ligi ilikuwa imechoka nasi. Mji unaobadilisha wamiliki kama soksi unawatia aibu mbele ya wafadhili, na wafadhili ndio waliobaki. Wakatuandikia kwamba mkuu wa ligi mwenyewe, Bi. Rosalind Tackett, angekuja kwenye mechi yetu ya Jumamosi kuona kama hii ni nyumba au hema. Akiona hema, nafasi yetu inapewa mji mwingine, na Nyegere ndio basi.

Jumamosi mchana, zulia limeshalala, simu ikalia. Wapinzani wetu walikuwa Vimbunga wa Harlan Springs. Mmiliki wao alikuwa hapatikani tangu alfajiri, dereva wa basi akakataa kuondoka bila mafuta, wachezaji wakashuka na mabegi yao wakarudi makwao. Timu imekufa pale pale kwenye maegesho ya duka la mboga. Na kwetu watu walishaanza kupanga foleni mlangoni.

Nilimvuta Duane pembeni. Nilikuwa najua la kufanya, kwa kuwa tumelifanya kwa wamiliki waliotangulia, na wewe ulikuwepo, ukacheka mpaka soda ikakutoka puani. Unachukua vijana wa zamu kiwanda cha nyama, unawavisha jezi za ziada, mtangazaji anawaita Vimbunga, mechi inachezwa.

"Na hao vijana wanajua kucheza?" akauliza Duane.

"Wanajua kuanguka."

"Watu hawatagundua?"

"Watagundua. Watanyamaza. Plum Fork ndivyo tunavyoishi na hawa wamiliki."

Akafikiri. Duane akifikiri anajikuna sikio. "Hapana, shemeji. Gari likitoka kwangu chafu, namwambia mwenyewe ni chafu, nalirudisha ndani naliosha. Sijui mpira. Hilo nalijua."

Niliudhika, Marlys. Niliudhika kwa sababu ilikuwa sawa, na kwa sababu imetoka kwa mtu wa sabuni na brashi.

Watu walipojaa akatembea hadi katikati ya uwanja, kwenye zulia langu, na viatu vya kanisani. Kipaza sauti kilimshinda kukiwasha. Msichana mmoja wa kundi la ngoma la timu akaenda kumbonyezea. Akasema hivi, maana nayakumbuka: "Jamani, Vimbunga hawaji. Timu yao imekufa leo. Anayetaka pesa yake, dirisha la tiketi la Opal liko wazi, atarudishiwa yote. Atakayebaki, vijana wetu watacheza wao kwa wao. Mimi nimenunua timu hii sijui hata sheria zake. Lakini Jumamosi ijayo nipo, na mwakani nipo." Kisha akabaki amesimama, karatasi mkononi. Bi. Tackett alikuwa safu ya mbele, mkoba kwenye magoti, anatazama watu wala si Duane.

Shangazi Wilma atakuwa amekwambia yaliyofuata. Kwamba Norb, mwana wa kaka yake, alisimama wa kwanza, peke yake, mbele ya mji mzima, kumheshimu shemeji yake. Na watu walipomwona wakasimama safu kwa safu, wakapiga makofi mpaka mataa yakatikisika. Na ndiyo maana Bi. Tackett alimpa Duane mkono na kumwambia tuonane mwakani. Mji wote unasimulia hivyo. Mchungaji alinitaja kwenye mahubiri. Kinyozi alikataa pesa yangu.

Kusimama nilisimama. Lakini nitakueleza ilivyokuwa hasa, kwa kuwa uko mbali na huwezi kumwambia Duane.

Nilisimama ili niende kudai pesa yangu. Nilikuwa na hakika kwamba nikitoka mimi, mtu wa zulia, mtu wa tangu mwanzo, ukumbi utanifuata, na mama yule atatazama migongo ya watu wa Plum Fork ikipanda ngazi. Nilijua timu ingekufa. Nilikuwa tayari ife, Marlys, kuliko imfae Duane. Nikasimama, nikaiweka sawa suruali, na nyuma yangu nikasikia viti vinagonga. Nikasema moyoni, wanakuja. Sikugeuka. Nilitembea kichwa juu hadi nje kwenye dirisha la Opal, na kelele niliyoisikia nikaidhani ni ya hasira.

Opal akaniangalia juu ya miwani. "Unataka nini, Norb?"

"Pesa yangu."

"Ya nini?"

"Ya tiketi."

"Tiketi ipi? Nyie watu wa zulia mmeanza lini kukata tiketi?"

Ni kweli. Sijawahi kulipa hata senti pale tangu ukumbi ule uwe na timu. Nikageuka kutafuta mji wangu nyuma yangu, nikakuta mtu mmoja tu, kashika kofia. Akaniuliza kwa adabu kama ile ndiyo foleni ya choo. Nikamwelekeza.

Kelele ile ilikuwa makofi; walivyosimama wote, hakuna aliyeniona natoka. Nilirudi nikaisikilizia mlangoni mpaka ikaisha.

Tulipokuwa tunakunja zulia Duane alipiga magoti pembeni yangu, bado na viatu vya kanisani, akashika ncha yake. Akasema, "Pale katikati nilijiona mjinga, shemeji. Nilipokuona umesimama nikajua siko peke yangu." Macho yake yalikuwa na maji. Nikamwambia avute upande wake, linakwenda kombo.

Basi timu tunayo mwakani, na mmiliki ni yule yule, jambo ambalo hujawahi kuliona maishani mwako. Na hata kijicho changu kilichonisimamisha siku ile, ambacho ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho katika timu ile, kimeingia kwenye mali zake.

Nisalimie Gunther na mapacha. Arlene, Shangazi Wilma na mama mkwe wote wanakusalimu. Mungu akushikie goti kwenye barafu, na akutunze mpaka tuonane.

Ni mimi binamu yako, akupendaye wewe angalau bila kijicho,

Norbert Vavra