Karatasi Ndani ya Nguzo

Paker,

Sina haki tena ya kukuita hivyo, lakini siwezi kuanza kwa "Marehemu Mzee Lemayian" kama tulivyoandika kwenye ratiba ya mazishi yako. Ulinipa kondoo. Kwenu Umaasaini, aliyetoa kondoo na aliyempokea huacha majina yao na kuitana Paker mpaka mmoja afe. Ulimleta kondoo yule nyumbani kwangu Kajiado wiki aliyozaliwa binti yangu Mwende, ukasema, "Huyu ni wa mama mtoto. Akunywe mafuta, apate nguvu." Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu, wewe fundi uliyetutengenezea madawati.

Sasa wewe umekufa na mimi nafuata. Daktari ameacha kuniambia habari za dawa mpya. Ananiuliza tu kama ninapata usingizi. Naandika mistari michache, napumzika, naandika tena. Mwende ameniwekea kiti hapa gerejini Kitengela, karibu na nguzo yetu, akidhani napenda harufu ya mbao. Naipenda, ndiyo. Lakini sikuja kwa ajili ya harufu.

Randa yako imeshika kutu. Nilijaribu kuipaka mafuta mwezi uliopita, mkono ukachoka kabla sijafika nusu. Kikombe chako cha bati bado kimening'inia upande wa mlangoni, kwenye kulabu uliyoikunja mwenyewe kutoka kwa waya wa ua. Sijamruhusu mtu kukitumia.

Kila anayeingia huisifu nguzo hii. Wanaona mbao nne za saiprasi zilizoizunguka saruji kama koti, rafu za mikebe ya misumari upande mmoja, misumeno upande wa pili, mkanda wa ngozi ulioshika patasi zote kwa urefu wake, na kabati dogo chini la gundi na msasa. Wanaona hata vipande vya tairi ulivyopigilia kwenye pembe, nilipoanza kuyumba na kujigonga kiuno. "Nani alifikiria hii kitu?" wanauliza. Nawaambia ni wewe, na hilo ni kweli. Hawaniulizi kwa nini nguzo ilisimama katikati ya gereji tangu mwanzo. Au waliuliza zamani, na nikawajibu.

Acha niseme yote, japo wewe unayajua kuliko mimi.

Nilipojenga nyumba hii nilichora ramani mwenyewe. Juu ya gereji nilitaka slabu ya saruji na chumba cha vitabu vyangu. Ulisema slabu pana hivyo lazima ishikwe katikati na bimu nene ya saruji. Mimi niliona bimu nene itashuka chini mno, na pikapu yangu yenye kibanda nyuma haitapita. Nikaichora upya, nyembamba.

Uliishika ile karatasi muda mrefu. Ukasema, "Paker, hii ni nyembamba sana. Bimu ni kama mgongo ya punda. Ukiwa mwembamba, mzigo unalala chini."

Nami nikakujibu, mbele ya vibarua wako, "Wewe uliishia darasa la sita. Mimi nafundisha hesabu. Fanya vile nimeandika." Nikachukua kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia, nikaandika pembeni ya mchoro: *Inchi sita zinatosha.* Nikatia sahihi, kama ninavyotia kwenye daftari la mtoto.

Ulijenga vile nilivyoandika. Tulipoondoa mbao za kushikilia, slabu ilishuka katikati, na ufa ukapita kutoka ukuta hadi ukuta. Ulirudisha mbao siku ile ile, na kesho yake ukaanza kuchimba shimo la nguzo. Nguzo ikasimama pale pale pikapu ilipotakiwa kuingia. Gari nililoliharibia bimu halikuwahi kulala humu ndani hata siku moja.

Kisha ikaja siku ya kubariki nyumba. Wazee wa kanisa walikuja, ndugu zangu kutoka Machakos, walimu wenzangu. Walipofika gerejini mmoja akacheka. "Mwalimu, hii nguzo ya nini hapa katikati? Unafunga ng'ombe?" Wote wakacheka. Wewe ulikuwa umesimama kando yangu, na koti lako jeusi la Jumapili.

Nikasema, "Muulizeni fundi. Nilimchorea vizuri, yeye akakosea vipimo."

Kicheko kikakugeukia wewe. Nilingoja useme ukweli. Haki ya Mungu, kwa sekunde chache nilitamani useme, ili mzigo usiwe wangu. Ulinitazama, ukasema, "Ni kweli, Mwalimu."

Mwalimu. Tangu siku ya kondoo hukuwahi kuniita hivyo.

Wazee wale ndio waliokuwa wamekuahidi kazi ya kanisa jipya. Walimpa mtu mwingine. Kabla ya mvua kufika, Kitengela nzima ilikuita Fundi Nguzo. Vijana wa duka la hadweya walikupigia kelele ukipita: "Nguzo! Leo unatuwekea ngapi?" Hukupata tena kazi ya nyumba. Ulirudi Kajiado ukatengeneza vitanda na milango, wewe uliyekuwa na mkono wa kujenga. Nami nilisikia yote, nikanyamaza.

Miaka ilipita. Nilikuwa nimestaafu uliposimama langoni na mbao begani. Ukaniita Paker, kana kwamba siku ile haikuwako. Ulizunguka nguzo mara mbili, ukaipiga kofi kama mtu anayemsalimu ng'ombe wake. "Hii haiondoki. Basi tuipatie kazi."

Nilikushikia mbao wiki tatu. Hukutoboa saruji hata mahali pamoja. Uliziunganisha mbao zenyewe kwa skrubu ndefu, zikajishika. Ubao mmoja tu, wa upande wa nyuma unaotazama ukuta, hukuufunga. Uliuwekea kipande kidogo cha mbao kinachozunguka, kama komeo la banda la kuku. Nikakuuliza kwa nini. Ukasema, "Hapa usifunge. Siku moja utataka kuangalia ndani." Nilidhani unasema habari ya mchwa.

Baada ya hapo ulikuja karibu kila mwezi. Tulitengeneza viti, mizinga ya nyuki, kitanda cha mjukuu wangu. Mara ngapi nilifungua kinywa? Ulikuwa ukinyoosha mkono, nakupa patasi, na neno linarudi tumboni. Nilijiambia umesamehe, kwa hiyo hakuna haja. Huo nao ulikuwa uongo. Msamaha ambao sijauomba ningeupokea wapi?

Na hapa ndipo penye aibu yangu kubwa zaidi. Siku ya kukuzika Kajiado waliniita niseme neno kama rafiki wa marehemu. Nilikuwa nimekusudia kusema ukweli, Paker. Niliushika ule mkongojo ulionichongea, nikasimama. Nikaona umati, nikaona wazee. Nikasimulia jinsi ulivyokosea vipimo, na jinsi ulivyoligeuza kosa lako kuwa kabati. Nikasema fundi mzuri ni yule anayejua kurekebisha makosa yake. Watu wakacheka kwa upole, wengine wakapiga makofi. Mama Saruni, mjane wako, hakucheka. Alinitazama mpaka nikaketi. Miezi minne baadaye naye tulimzika, na sikumwambia.

Wiki iliyopita niliona vumbi la mchwa chini ya nguzo. Nikakumbuka maneno yako, nikazungusha kile kipande cha mbao. Ndani hapakuwa na mchwa. Palikuwa na mfuko wa nailoni uliokunjwa vizuri, na ndani yake mchoro wangu. Wino mwekundu haujafifia. *Inchi sita zinatosha.* Na sahihi yangu.

Ulikuwa na karatasi hiyo siku ile, kwenye koti la Jumapili, sivyo? Ungeitoa tu mfukoni. Uliibeba miaka yote hiyo wakikuita Nguzo, kisha ukaja ukaiweka nyumbani kwangu, shubiri moja kutoka mahali nilipochukua misumari kila siku, ukanionyesha na mlango. Ukangoja. Nami sikufungua mpaka ulipokuwa chini ya udongo.

Sijui nifanye nini na subira kama hiyo. Nimeshindwa hata kulia vizuri, kifua hakiruhusu.

Mwanao Saruni ni fundi sasa. Mwezi uliopita alienda kuomba kazi ya kujenga madarasa, wakamuuliza, "Si wewe ni wa Nguzo?" Aliniambia mwenyewe kwa simu, akacheka kidogo kama ulivyokuwa ukicheka. Hata wakati ule nilinyamaza.

Nimemwambia aje Jumamosi kuchukua vifaa vyako. Nitampa ile karatasi ya mchoro mkononi, nimwambie kila nililoandika hapa, kisha nimwombe aipeleke kwa wale wazee waliobaki. Ni wawili tu. Mmoja hasikii, mwingine hatambui watu. Wengine wote walikufa wakijua ulikosea vipimo. Jina lako sitalirudisha, Paker, najua. Kwa Saruni labda litafika nusu ya njia.

Na kama sitafika Jumamosi, nimekwisha kuitundika. Nimeondoa kikombe chako kwenye ile kulabu ya mlangoni nikaiweka karatasi hapo. Mtu hawezi kuingia bila kuisoma. Kikombe kiko mapajani mwangu.

Nakuaga sasa. Ahadi yangu ni moja, na ni ndogo kuliko deni. Kama kuna mahali pa kukutana, nitasema mimi kwanza, na mbele ya watu. Usinirahisishie. Ukiniona naja, niite Mwalimu. Nikimaliza kusema, utaamua kama bado kuna kondoo kati yetu.